Kadi ya Arobaini na Moja

Athi River,
4 Februari 2002

Mzee Muthoka,

Siku ile ya kukuaga ulinikataza nisikuandikie mambo ya kazi hata moyo ukinituma. Nimevumilia miezi minne. Hapo si nimejaribu?

Idara ya vitabu vya maelezo ya dawa za mifugo sasa ni mimi, meza mbili, na kabati lako lisilofungika. Hawajaajiri mtu mwingine na sidhani wataajiri. Wameleta kompyuta mpya na programu ambayo meneja anaisifu hata kwa walinzi wa geti. Nikueleze vile inafanya kazi. Maelezo yoyote, tuseme onyo la kutovuta sigara karibu na dawa, unayaandika mara moja tu na kuyaweka pahali pamoja. Vitabu vyote vinayachota hapo. Ukirekebisha hapo, umerekebisha vyote. Meneja anaita hiyo ukurasa mama, na anaongea kana kwamba ameivumbua yeye. Nilimwangalia tu. Wewe ulikuwa na ukurasa mama tangu mwaka wa tisini na moja, kwa kisanduku cha mbao, kadi mia moja na sita kwa mwandiko wako.

Shida ni kwamba kadi ni moja lakini vitabu ni kumi na vinne, na miaka yote watu walikuwa wanachapa kitabu kipya kwa kunakili cha zamani, bila kurudi kwa kadi. Sasa nimeviweka vyote mezani navisoma mstari kwa mstari. Macho yananiwasha. Kimoja kinasema vaa glavu, kingine kinasema mifuko ya plastiki. Hayo nimeyamaliza.

Iliyonishinda ni kadi ya arobaini na moja, kipimo cha dawa ya kupe kwa mbuzi. Vitabu kumi na viwili vinasema vifuniko viwili vya chupa kwa pampu moja ya maji. Viwili, vile vya chupa ndogo, vinasema kifuniko kimoja, kisijae. Kadi yenyewe inasema viwili. Ni gani? Mimi siwezi kuweka mbili kwa ukurasa mmoja, na vitabu vinaenda kwa mpiga chapa tarehe ishirini na mbili Machi.

Tena nyuma ya hiyo kadi nimepata kifuniko chekundu cha chupa. Kina mkwaruzo ndani, kama mtu amekikwaruza na msumari. Ni cha nini?

Salimia mama watoto. Mwambie chai ya hapa imebaki kuwa maji ya moto tangu uondoke.

Ndunge

*

Mitaboni,
17 Februari 2002

Mwanangu Ndunge,

Barua yako nimeipokea kwa posta ya sokoni, imekaa huko siku tano kwa sababu goti langu halikutaka kutembea. Sisi ni wazima kiasi. Maharagwe tumevuna, si mengi, na mke wangu anayapepeta huku akiniambia kwamba mtu aliyekaa kitini miaka thelathini hajui kushika ungo. Ana haki.

Nimefurahi kusikia kisanduku bado kipo. Nilidhani wamekiwasha moto.

Umeuliza habari ya kadi ile. Nikwambie ilivyoanza. Kabla yangu, kipimo kiliandikwa kwa mililita. Mama yangu huko Kalama alikuwa na mbuzi kumi, na hakujua mililita ni mnyama gani. Nilimkuta siku moja akimimina dawa kwa kukadiria na jicho. Nikarudi kazini nikapima kifuniko cha chupa, kile cheusi kidogo, nikapata mililita kumi na tano. Dawa inayotakiwa ni thelathini. Nikaandika vifuniko viwili. Mama alielewa siku hiyo hiyo, na majirani wake wote wakaelewa. Katika kazi yangu yote sikuandika sentensi iliyonipa raha kama hiyo.

Hayo mengine ya vitabu kutofautiana, wewe una akili kuliko mimi, fanya utakavyoona. Kifuniko chekundu ni takataka, tupa.

Mvua ikikawia mwezi ujao tutakula hata mbegu. Jitunze macho.

Muthoka Ndambuki

*

Athi River,
25 Februari 2002

Mzee Muthoka,

Asante. Nilitaka unipe jibu la neno moja, ukanipa mbuzi za mama yako, lakini nimepata nilichotaka hata hivyo.

Nilipigia simu yule mtu wa maabara Nairobi, akasema ni mililita thelathini, haijawahi kubadilika. Nikageuza kadi, nyuma umeandika: kifuniko ni mililita kumi na tano, nimepima mwenyewe. Kumi na tano mara mbili ni thelathini. Basi. Nimeweka vifuniko viwili kwa ukurasa mama, nikabonyeza, na vile vitabu viwili vilivyopotea njia vikarudi kundini kwa dakika moja. Nilikaa nikaangalia tu kioo. Kazi ambayo ingekula wiki.

Na si hivyo kumi na vinne peke yake. Wanataka kuuza dawa Garissa na Moyale, kwa hivyo vitabu vinafika ishirini, na vya Kisomali na Kiborana. Vyote vitachota pale pale. Ningekuwa na nguvu ningefurahi. Nimechoka mpaka nikifika nyumbani nalala na viatu.

Kuna lingine. Meneja ameona hii kitu ni tamu, sasa anataka hata barua za kujibu wateja ziwe na mama. Mteja akilalamika, tunachota jibu, tunabadilisha jina, tunatuma. Nimepekua faili nikapata jibu lako la mwaka wa tisini na nane kwa bwana mmoja wa Machakos, Mire Dayib, aliyesema dawa yetu imemuulia mbuzi. Ni fupi na halina matusi. Tumechunguza malalamiko yako, kipimo cha kitabu ni sahihi, mbuzi walikufa kwa sababu ulizidisha dawa, kampuni haihusiki. Meneja amelipenda sana. Limeshaingia.

Kifuniko sijakitupa. Natilia pini za karatasi.

Ndunge

*

Mitaboni,
5 Machi 2002

Ndunge,

Barua ile usiitumie kwa mtu yeyote. Itoe.

Goti linasumbua, nitakuandikia nikipata nafuu.

Muthoka

*

Athi River,
11 Machi 2002

Mzee Muthoka,

Nimesoma hiyo barua yako ya mistari miwili mara nne, nikitafuta iliyobaki.

Nitoe kwa nini? Nimwambie meneja nini, kwamba mzee aliyestaafu ana goti? Hapa mtu haondoi kitu kwa kuambiwa ondoa. Wiki iliyopita nilibadilisha neno moja kwa onyo la watoto nikaulizwa sababu mbele ya watu sita.

Usinione vibaya, nakuheshimu kama baba. Kila ninachojua kwa hii kazi ulinifundisha, hata kunoa penseli. Lakini kuna kitu unanificha, na ninakijua kwa sababu wewe huwa huandiki kifupi. Kama ni barua tu, niambie ni barua tu. Kama ni kipimo, niambie haraka. Zamani ukikosea kwa kitabu kimoja, umekosea kwa hicho kimoja. Siku hizi nikikosea mimi, nimekosea kwa vyote ishirini na kwa lugha tano, na jina kwa ukurasa wa mwisho ni langu.

Zinabaki siku kumi na moja. Naomba unijibu.

Ndunge

*

Mitaboni,
15 Machi 2002

Ndunge,

Hii namtuma Wanza, mke wa mpwa wangu, anayeleta maharagwe hapo Athi River kila Jumamosi. Nimemwambia asimpe mtu mwingine. Posta sikuiamini, na nafsi yangu pia sikuiamini, ningeiacha mfukoni.

Chukua chupa ya siku hizi. Toa kifuniko chake. Kipime.

Mwaka wa tisini na saba walianza kununua chupa kwa mtu mwingine, kwa sababu za bei. Kifuniko cheusi kikaisha, kikaja chekundu. Ni kikubwa. Hakuna aliyekuja kuniambia, kwa kuwa mtu wa chupa hajui habari ya mtu wa vitabu, na mimi nilikaa na kadi zangu bila kushuka chini kuangalia chupa. Kadi iliendelea kusema viwili. Viwili vya vile vyekundu ni karibu mara tatu ya dawa.

Mire Dayib alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi hapo Machakos. Alikuwa na desturi yake: mbuzi hakuwapeleka sokoni na kupe. Watu wa Kalama walimwachia mbuzi wao, anawanyunyizia dawa, anawauza, anawarudishia chao. Walimwamini bila karatasi. Alifuata kitabu changu, vifuniko viwili kama nilivyoandika. Mbuzi thelathini na mmoja walikufa kwa siku mbili. Tisa walikuwa wake. Wengine walikuwa wa watu wa kwetu, watu waliomzika mama yangu.

Aliandika, nikamjibu ile barua unayoisifu. Naapa siku hiyo nilikuwa bado sijui. Niliangalia kadi, nikaona ni sawa, nikatia sahihi. Barua hiyo ilisomwa barazani kwa chifu, na baada ya hapo hakuna mtu wa Kalama aliyempa hata kwato. Walimwita Mire wa Sumu.

Baada ya mwezi akaandika tena. Barua ya pili ilikuwa na kifuniko chekundu ndani ya bahasha. Alikuwa amekipima kwa sindano ya daktari wa mifugo, akakwaruza na msumari mahali mililita thelathini zinapofika. Akasema, Bwana Muthoka, angalia mwenyewe. Nikaangalia. Nikakificha nyuma ya kadi ya arobaini na moja.

Nikaenda kwa bosi wa wakati ule. Akanipeleka stoo, akanionyesha vitabu vipya vimepangwa mpaka juu. Akasema tutarekebisha kila kitabu kikiisha, na huyo mtu tusimjibu, tukimjibu tumekubali. Viwili vya chupa ndogo vilikuwa vinachapwa wiki hiyo, hivyo nikavirekebisha. Hivyo ndivyo vilivyokuwa sawa, Ndunge, hivyo ulivyovirudisha kundini. Vingine vilipoisha nilikuwa likizo, au naumwa, au sikutaka kuuliza. Kadi nayo niliiogopa. Ningeigusa ningekuwa nimekiri kwa mwandiko wangu.

Bosi aliondoka, na mimi nikabaki miaka mitatu nikila mshahara na kunywa chai na wewe. Niliogopa kufukuzwa, halafu nikaogopa aibu. Sina sababu nyingine. Naona haya kukuandikia haya wewe ambaye nilikuwa nakufokea kwa sababu ya nukta.

Fanya unaloweza kabla ya tarehe ishirini na mbili.

Muthoka Ndambuki

*

Athi River,
23 Machi 2002

Mzee Muthoka,

Wanza alinipata getini, akakataa kunipa mpaka nitaje jina la baba yangu.

Nilikwenda kwa nesi wa kiwanda nikaomba sindano. Nimepima kifuniko chekundu mara tano. Ni mililita arobaini. Mkwaruzo wa Mire uko kwa thelathini kabisa, haujakosea hata kidogo. Na hicho kifuniko kimekuwa mezani pangu mwezi mzima nikitilia pini. Chupa zenyewe ziko chini ya ngazi, hatua ishirini kutoka kwa kiti changu. Sikushuka. Kwa hiyo matusi niliyokuwa nimekuandalia, nusu nimejigawia mwenyewe.

Meneja alikasirika. Akaniuliza kwa nini ninaamini vitabu viwili kuliko kumi na viwili. Nikaweka chupa mezani kwake, nikaweka sindano, nikamwambia apime yeye. Hakutaka kushika. Nikamwambia basi jina langu litoke kwa ukurasa wa mwisho, aandike lake. Akavuta sindano, akapima. Vitabu vimesogezwa mbele siku saba. Sasa vinasema kifuniko chekundu kimoja, robo tatu, na mchoro wa kifuniko ukiwa na mstari pale Mire alipokwaruza. Tena nimemshikilia mpaka akakubali vikaratasi vyekundu viende kwa maduka yote ya dawa za mifugo, kwa ajili ya vitabu vya zamani vilivyoko manyumbani kwa watu. Vile siwezi kuvifikia kwa kubonyeza. Barua yako nimeitoa.

Nimekasirika, sitakuficha. Nilidhani wewe ndiwe mtu mmoja hapa ambaye haandiki uongo. Nililia kwa choo, nikanawa uso, nikarudi kwa kiti. Lakini pia najua ungeweza kunyamaza mpaka kaburini na hakuna angejua, na hukunyamaza. Hayo mawili yote niko nayo, sijui nitayaweka wapi.

Ila kuna kitu siwezi kukufanyia. Barua uliyomwandikia Mire haiko kwa kompyuta yangu tena, wala kwa faili. Iko moja tu, na iko kwake, kama hajaichoma. Hiyo hakuna wa kuirekebisha ila wewe, na si kwa posta. Nakuletea kifuniko chake kwa mkono wa Wanza. Kipeleke.

Ndunge

*

Machakos,
9 Aprili 2002

Dada Ndunge,

Hunijui. Mimi ni Farhia, binti ya Mire Dayib aliyekuwa akiuza mbuzi. Siku hizi tuna duka la kamba na ndoo. Mzee Muthoka ndiye amenipa anwani yako. Aliomba nikuandikie mimi, kwa sababu anasema akikuandikia yeye atajipendelea.

Alikuja Jumatano iliyopita. Alisimama mlangoni na koti zito kwa jua lile, nikafikiri anataka ndoo. Hakusalimu. Alitoa kifuniko chekundu akakiweka juu ya meza, mbele ya baba. Baba alikigeuza, akapitisha kidole ndani pale alipokwaruza, akaniambia nilete chai.

Mzee alikuwa na barua ameiandika, kurasa mbili, ya kuomba msamaha. Ilikuwa nzuri, mimi niliisoma baadaye. Baba aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akamrudishia. Nilidhani amemfukuza. Kumbe aliingia ndani, akatoka na mkebe anaoweka kitambulisho na vyeti vyetu vya kuzaliwa, akatoa ile barua ya mwaka wa tisini na nane. Imechanika kwa mikunjo, nimeibandika gundi mara mbili mwenyewe.

Akamwambia, "Sitaki barua nyingine. Hii ndiyo walisomewa. Rekebisha hapa."

Mzee aliazima kalamu yangu. Nikamshikilia karatasi. Alikata mstari mmoja juu ya yale maneno kwamba ulizidisha dawa, bila kuyafuta, bado yanasomeka. Juu yake akaandika kwamba Mire alipima kama kitabu kilivyosema, kitabu kilikuwa na kosa, na mwandishi wa kitabu ni yeye, Muthoka. Akatia sahihi chini ya sahihi yake ya zamani na tarehe. Chai ilipoa.

Jana walikwenda Kalama wote wawili, kwa baraza la chifu, kwa sababu hapo ndipo iliposomwa mara ya kwanza. Mimi nilienda nyuma yao. Mzee aliisoma amesimama, yale yaliyokatwa na yale ya juu. Wengine hawakumwangalia. Mmoja alimuuliza kama haoni aibu kuja kusema hayo kijijini kwa mama yake, akajibu kwamba anaona. Bibi Kalunde, aliyepoteza mbuzi wanne wakati ule na ambaye hajamsalimu baba miaka hii yote, alisema hasikii vizuri, asome tena. Akasoma tena yote. Bibi akaondoka, na baba akarudi nyumbani akalala mapema. Mimi niliona tumekwenda bure.

Leo asubuhi tukifungua duka, Bibi Kalunde alikuwa hapo nje. Ametembea kutoka Kalama. Hakununua kitu. Alikuwa na mbuzi mmoja kwa kamba, amemfunga kwa nguzo yetu, akamwambia baba amuuzie, kisha akaketi kupumzisha miguu.

Mbuzi ana kupe. Baba anaomba umtumie kitabu kipya, kimoja tu. Anasema hatamgusa na dawa mpaka kifike.

Farhia Mire